Ghorofa ya juu, ghorofa ya chini: shajara ya kipindi chetu cha Malanka

Jumapili, 3 Novemba 2024

Kamati imekubali. Tunatengeneza kipindi cha saa moja cha burudani mseto, yaani nyimbo, vichekesho, ngoma na mila za Kiukraine, kitakachorushwa na runinga ya jamii hapa Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada, usiku wa Malanka, yaani mkesha wa mwaka mpya wa kalenda ya zamani, tarehe 13 Januari. Mimi nimekabidhiwa sauti. Nitaiandika kazi hii hatua kwa hatua kwa ajili ya wenzangu wa Mombasa wanaotengeneza vipindi vyao na kuniuliza mambo ya vipaza sauti kila wiki. Pia naiandika kwa sababu Kiswahili ndicho kinachonijia nikichoka, na kazi hii itanichosha.

Kwa asiyenijua: nilikwenda Kharkiv mwaka 2017 kusomea uhandisi wa redio, nikaoa huko, na Machi 2022 tukaondoka watu watatu, mimi, mke wangu na mama yake, kwa treni hadi Lviv na kisha Poland. Kanada ilikuwa imefungua visa ya dharura kwa Waukraine na jamaa zao wa karibu, na walioingia kwa mlango huo ni karibu laki tatu. Lakini Alberta ina Waukraine tangu zamani. Iwan Pylypow na Wasyl Eleniak walifika Kanada mwaka 1891 wakitafuta ardhi ya kulima, wakaandika barua nyumbani, na vijiji vikawafuata. Leo mezani, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, upande mmoja walikaa wajukuu na vitukuu vya wakulima hao, na upande wa pili sisi tuliokuja na sanduku moja moja.

Tarehe peke yake ilitula nusu saa. Tangu Septemba 2023 Waorthodoksi wa Kanisa la Ukraine na Wakatoliki wa Kigiriki kule wamehamia kalenda mpya, kwa hiyo Malanka yao sasa inaangukia 31 Desemba. Wazee wa hapa wameshikilia 13 Januari. Mama mkwe alisema mila ikiadhimishwa mara mbili haiharibiki, na hapo tukaendelea.

Jumapili, 10 Novemba

Kikao kigumu. Dada mmoja wa kwaya, ambaye kaka yake yuko jeshini karibu na Pokrovsk, ameomba vichekesho viondolewe vyote. Hakupaza sauti. Alisema hawezi kusimama jukwaani akiimba huku akijua kwamba dakika tano baadaye watu watapiga makofi kwa mtu aliyevaa sketi na kujipaka masizi usoni. Watu walinyamaza. Mimi mwenyewe niliona ana haki.

Aliyemjibu kwanza ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapa Alberta, tunayemwita pan mwalimu, maana kwa Kiukraine mtu wa heshima huitwa "pan". Alitukumbusha Ostap Vyshnya, mwandishi wa vichekesho aliyependwa kupita wote katika miaka ya 1920, ambaye vipande vyake aliviita "tabasamu". Alikamatwa Desemba 1933, akakaa kambi ya wafungwa miaka kumi, na alipotoka mwaka 1943 akaandika vichekesho tena. Dada wa kwaya akasema hiyo ni habari ya vitabuni.

Kisha akazungumza mama mmoja kutoka Zaporizhzhia ambaye huwa hasemi kitu vikaoni. Mwanawe yuko mstari wa mbele. Akipata mtandao, alisema, hamuulizi habari za vita wala hamwambii alivyomkumbuka. Humwambia, "Mama, nichekeshe." Kwa hiyo kila siku mama huyu hutafuta jambo la kuchekesha na kuliweka akiba, kwa sababu hajui simu itakuja lini.

Hatukupiga kura. Mwenyekiti alifunga kikao akasema turudi baada ya wiki na ratiba inayoweza kubeba yote mawili.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekaa na mama mkwe jikoni kuomba ushauri. Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia runinga ya Kiukraine. Mara yangu ya kwanza kualikwa kwao ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 2018. Mezani kulikuwa na saladi ya viazi na mayai, samaki wa chumvi, machungwa madogo, na runinga imewashwa kwenye chaneli ya 1+1. Kilikuwa kikiendelea kipindi cha wachekeshaji wa Kvartal 95, kundi lililochukua jina la mtaa mmoja wa mji wa Kryvyi Rih na ambalo Vechirniy Kvartal yake ilikuwa hewani tangu 2005. Karibu na saa sita ya usiku, wakati ambao watu husubiri hotuba ya rais, alijitokeza Volodymyr Zelensky akasema atagombea urais. Mama mkwe aliweka kijiko chini akaniuliza mimi, mgeni, kama nadhani ni mzaha. Aprili 2019 alishinda kwa asilimia 73.

Leo nilimuuliza ni kipindi gani kilichomkaa moyoni zaidi, nikitegemea ataje hicho. Akataja kilichotangulia: kile cha mwishoni mwa miaka ya 1990 ambacho Andriy Danylko alicheza Verka Serduchka, mhudumu wa behewa la treni. Jukwaa lote lilikuwa behewa. Wageni mashuhuri waliingia kama abiria, wakahojiwa, wakaimba, wakataniwa. "Ukiwa ndani ya treni," akasema, "anayelia na anayecheka wamekata tiketi ya behewa moja, na hakuna anayemwambia mwenzake ashuke."

Nimeliandika neno hilo kwa herufi kubwa kwenye daftari la sauti.

Jumapili, 17 Novemba

Tumepata umbo la kipindi, na limetoka kwa pan mwalimu. Nilipowasimulia kikaoni habari ya behewa, akainuka akaenda kwenye kabati la ukumbi na kurudi na sanduku la mbao lililochakaa, lenye ghorofa mbili na mifereji sakafuni ya kupitishia vikaragosi. Ni vertep. Zamani wanafunzi na waimbaji wa kanisa walizunguka nalo vijijini wakati wa Krismasi. Ghorofa ya juu inachezwa kuzaliwa kwa Yesu, kwa nyimbo za kanisa. Ya chini kuna mfalme Herode na Kifo kinachomkata kichwa, na baada ya hapo Mkozaki, yaani askari wa zamani wa Kiukraine, anayejigamba, wakulima wanaogombana, mbuzi, ngoma na matusi madogo madogo. Mchezeshaji ni mmoja, sanduku ni moja, na watu walewale waliopiga ishara ya msalaba kwa ghorofa ya juu ndio waliocheka kwa ghorofa ya chini.

Kwa hiyo jukwaa letu litakuwa vertep kubwa. Juu, mita moja na nusu kutoka sakafuni, itasimama kwaya na mpiga bandura, ala ya nyuzi ya Kiukraine. Chini ni vichekesho na ngoma. Kamera haitakata kutoka juu kwenda chini. Itashuka polepole mbele ya macho ya mtazamaji, ili aone kwamba nyumba ni ileile.

Dada wa kwaya alilitazama sanduku kwa muda mrefu. Akauliza kama taa ya juu itabaki imewaka wakati wa vichekesho. Tukamwambia itabaki. Amekubali kuimba.

Jumapili, 24 Novemba

Leo ni majaribio ya bandura, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndilo jambo lililonipendeza kuliko yote.

Bandura ya jukwaani huwa na nyuzi 55 hadi 65. Nyuzi nene za besi ziko kwenye shingo, nyembamba zimetandazwa ubavuni mwa mwili wake mpana, na kila uzi hutoa noti yake bila kubanwa. Ukiweka kipaza sauti kimoja mbele ya tundu, kama ungefanya kwa gitaa, besi zinameza kila kitu. Nimetumia viwili vyembamba: kimoja kimeelekezwa nyuzi za juu kwa umbali wa shubiri mbili, cha pili kiko pembeni kikinasa besi kwa mbali. Kati yao nimepima umbali ili sauti isifutane. Shida kubwa ni hewa. Majira haya Edmonton ni makavu sana, joto la ndani linavuta unyevu kutoka kwenye mbao, na mpigaji alilazimika kusawazisha nyuzi upya kila baada ya dakika ishirini. Tumeweka mashine ya kutoa mvuke nyuma ya jukwaa. Siku ya kurekodi itazimwa dakika moja kabla ya kila wimbo, maana inanguruma.

Mpigaji wetu ni kijana wa kizazi cha tatu hapa Kanada, na anapiga kwa mtindo wa Kharkiv, ambapo mikono yote miwili hutembea kwenye nyuzi zote. Nilishangaa, kwani miaka yote niliyokaa Kharkiv sikuwahi kuuona. Sababu inauma. Aliyeujenga mtindo huo kuwa somo ni Hnat Khotkevych, mhandisi wa reli, mwandishi na mpiga bandura, ambaye mwaka 1902 aliwakusanya wapigaji vipofu wa vijijini, wale kobzari, wakapiga mbele ya mkutano wa wanaakiolojia mjini Kharkiv. Mwaka 1938 utawala wa Stalin ulimwua. Mtindo ukafifia nyumbani, lakini wapigaji waliokimbia vita vya pili walikuwa wameubeba mikononi. Sasa mimi, mhandisi wa pili katika hadithi hii, ninaurekodi umbali wa bara zima na bahari.

Mke wangu alikaa safu ya nyuma akisikiliza. Alisema sauti ile ni ya mji wetu na hakuwahi kuisikia ndani ya mji wetu.

Jumapili, 1 Desemba

Jukwaa limesimama. Fundi seremala ametumia mbao za paa la ghala lililobomolewa. Ghorofa ya juu inalia watu ishirini wakipanda. Tumeweka zulia na skrubu zaidi.

Alhamisi, 5 Desemba

Kichekesho kikuu kimeandikwa, na kimetoka maishani mwetu wenyewe. Babu wa Alberta anampokea mgeni wa kutoka Kharkiv uwanja wa ndege. Babu anasema Kiukraine alichorithi kwa bibi yake, na ndani yake yamo maneno ya Kiingereza yaliyovishwa nguo za Kiukraine miaka mia iliyopita. Gari analiita "kara". Kwa mgeni, "kara" ni adhabu. Basi babu anapomwambia kwa furaha, "Njoo, kara yangu inakusubiri nje," mgeni anaanza kurudi ndani. Anapoongeza kwamba wanapita kwanza "shtor", yaani dukani, mgeni anaelewa mapazia. Yeyote aliyewahi kutoka Mombasa kwenda kuishi na watu wa Lubumbashi anaijua raha hii, ya kusikia lugha yako mwenyewe ikikuchezea.

Kazi ikawa tafsiri. Kipindi kitakuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya skrini kwa ajili ya majirani na kwa vijana wasiojua tena lugha ya babu zao. Maandishi yakisema "gari" tu, mzaha umekufa. Yakisema "adhabu" tu, babu anaonekana mwovu. Tumeamua mistari miwili ya rangi mbili: juu alichosema babu, chini alichosikia mgeni. Nimejaribu kwa jirani yangu Mfilipino. Alicheka mahali panapostahili, mara zote mbili.

Babu anachezwa na mtu ambaye kweli husema "kara". Nilihofu ataona anachekwa. Alinijibu kwamba bibi yake alifika hapa bila kujua neno la kitu chochote kinachotembea bila farasi, akalazimika kuliazima, na yeye haoni aibu kuonyesha alichoazima bibi yake. Nimeomba jibu hilo liingie kwenye kipindi kama lilivyo, mwishoni mwa kichekesho. Limeingia.

Jumapili, 8 Desemba

Vijana wana rapu yao. Tangu kundi la Kiukraine la Kalush Orchestra walipotwaa mashindano ya nyimbo ya Eurovision mwaka 2022 kwa rapu iliyochanganywa na filimbi, kila kijana anataka sopilka, filimbi ya mbao. Tunao wapigaji wanne. Tulihitaji mmoja. Watapiga wote wanne.

Jumamosi, 14 Desemba: siku ya kurekodi

Nimerudi saa nane ya usiku na siwezi kulala, basi naandika.

Watazamaji walijaa ukumbi, wengine wamesimama ukutani na makoti yao. Nje ilikuwa baridi ya kuuma pua. Trembita ilifungua: pembe ndefu ya mbao ya Wahutsul wa milima ya Karpati, zaidi ya mita tatu, iliyozungushiwa gome la mti. Milimani hupigwa kutangaza kifo, kuzaliwa, na Krismasi. Sikuipa kipaza sauti chochote. Niliacha vipaza vya ukumbini vinase, na ilisikika kama inatoka mbali, kama inavyopaswa.

Kisha kwaya, juu, na wimbo ambao dunia inaujua kama wa kengele za Krismasi. Wachache wanajua kwamba ni wimbo wa usiku huu hasa, wa mkesha wa mwaka mpya wa zamani. Maneno yake ya Kiukraine yanasimulia mbayuwayu anayeingia uani na kumwita mwenye nyumba atoke aone wanakondoo waliozaliwa. Mykola Leontovych aliujenga juu ya noti nne zinazozunguka bila kukoma, ukaimbwa Kyiv mwaka 1916. Mwaka 1921 mtunzi alipigwa risasi na wakala wa Cheka, polisi wa siri wa Kisovieti. Mwaka uliofuata kwaya ya Oleksandr Koshetz iliuimba Carnegie Hall, New York, na maneno ya Kiingereza yenye kengele aliyaandika Peter Wilhousky mwaka 1936. Mshereheshaji alieleza haya kwa sentensi tatu tu, halafu akanyamaza. Nilimwona dada wa kwaya kwenye skrini yangu ndogo. Aliimba akiwa amefumba macho, na sauti yake ilikuwa imara kuliko wote.

Kamera ikashuka. Malanka akaingia.

Malanka ni msichana wa mwaka mpya, lakini kwa mila huchezwa na mwanamume, na kazi yake ni kufanya kila kitu kinyume: anafagia takataka kuziingiza ndani, anapaka ukuta maji machafu, anaosha vyombo kwa ufagio. Wetu ni dereva wa lori, mtu wa kilo mia na kitu, mwenye kilemba cha maua. Ukumbi ulipasuka. Mita zangu za sauti ziligonga nyekundu na ikabidi nishushe vipaza vya watazamaji kwa haraka. Nilikulia kwenye Vitimbi, tukijazana sebuleni kwa jirani kumtazama Mzee Ojwang na Mama Kayai wakizozana, na kicheko kile nilikifahamu mara moja. Ni kicheko cha watu waliokuwa wanakihitaji.

Mwishoni mbuzi. Katika mchezo huu mbuzi hucheza, huanguka akafa, huimbiwa, kisha hufufuka na kuruka, na nyumba inapata baraka ya mavuno. Mbuzi wetu ni binti wa miaka tisa kutoka Kherson, chini ya ngozi ya kondoo na kichwa cha mbao. Alianguka kama alivyofundishwa. Halafu hakuamka. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko mazoezi yote. Mpiga tsymbaly, ala ya nyuzi inayopigwa kwa nyundo ndogo, alirudia kipande chake mara mbili, kisha akashusha nyundo zake. Ukumbi mzima ukawa kimya. Sikugusa kitu mezani. Nilisikia mvuke kwenye mabomba, na mtu mmoja safu ya tatu akianza kulia kwa sauti ya chini. Ndipo kengele iliyofungwa shingoni mwa mbuzi ikalia mara moja, ikalia tena, na akainuka.

Baadaye nilimuuliza mtoto kama alisahau. Akasema hapana. Alikuwa anawasubiri watu wamtake.

Ijumaa, 20 Desemba

Kuhariri. Tumerekodi dakika 94, tunahitaji 58. Rapu imepungua nusu, ngoma ya hopak imebaki nzima kwa sababu huwezi kumkata mtu aliye hewani. Mhariri alitaka kufupisha kimya cha mbuzi, sekunde 31, akisema mtazamaji wa nyumbani atadhani runinga imeharibika. Nilikataa. Hii ndiyo mara pekee nimekataa jambo katika mradi huu. Kimebaki sekunde 31.

Jumatano, 25 Desemba

Makombora asubuhi ya Krismasi kwenye mitambo ya umeme kote Ukraine, Kharkiv ikiwemo. Dada ya mama mkwe yuko salama, hana joto ndani. Leo sikufanya kazi.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Runinga wamerudisha faili. Matangazo hapa yanatakiwa kukaa kwenye wastani wa hasi 24 za LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, na changanyiko langu lilikuwa juu kwa sababu ya makofi na kicheko. Njia rahisi ni kushusha kila kitu kwa kiasi kimoja, lakini hapo bandura inazama. Nimerudi kwenye nyimbo moja moja, nikashusha watazamaji peke yao na kuiacha bandura mahali pake. Imechukua usiku mbili. Wenzangu wa Mombasa: rekodini watazamaji kwenye chaneli zao, daima. Msiwachanganye na jukwaa.

Jumatatu, 13 Januari

Kimerushwa saa moja jioni. Kharkiv ilikuwa saa kumi alfajiri. Runinga walituruhusu kukipitisha pia mtandaoni, na dada ya mama mkwe aliamka akatazama kwenye simu, amejifunika blanketi mbili, betri ikiwa na asilimia arobaini. Tuliweka simu nyingine mezani tusikie anavyotazama. Kwa hiyo nilikisikia kipindi changu kupitia spika ndogo ya Kharkiv, kimechelewa sekunde chache, juu ya kipindi chenyewe kinachotoka runingani mwetu.

Wakati wa "kara" alicheka hadi akakohoa. Wakati wa bandura hakusema kitu. Wakati wa mbuzi, mbuzi wetu alikuwa ameshaamka na wake bado yuko chini, na kwenye simu tulimsikia akinong'ona, "Inuka, mwanangu, inuka."

Jumatano, 15 Januari

Yaliyobaki: kurudisha vipaza sauti vya kukodi, kulipa seremala skrubu, kumpa pan mwalimu sanduku lake. Mama wa Zaporizhzhia ameomba kipande cha Malanka peke yake, kidogo cha kutosha kutumwa kwa simu yenye mtandao hafifu. Nimekikata cha dakika mbili na nusu, kimebanwa hadi megabaiti sita. Nimemtumia asubuhi hii. Anakiweka akiba.